Gari la Familia Linaposumbua: Tunachojifunza kutoka kwa Wamiliki

Mlaji aliyeuziwa friji mbovu huja ofisini kwetu na risiti na hasira. Mlaji aliyeuziwa gari bovu huja na hadithi ndefu. Hutueleza mafundi watatu waliolifungua, spea zilizobadilishwa bila mafanikio, na fedha zilizokwisha; tunapomwomba karatasi, mara nyingi hana hata moja. Somo hili tumeliandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule ambaye bado hajalipa.

Tumechagua kuzungumzia aina moja tu ya gari: SUV ya familia iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Ni gari ambalo watu wa kipato cha kati hulipenda kwa sababu zinazoeleweka. Limeinuka kidogo, hivyo linapita barabara ya vumbi ya kijijini. Lina nafasi ya watoto, bibi yao na magunia mawili ya mchele. Na spea zake zinapatikana madukani. Kwa familia nyingi, ununuzi wa gari la namna hii huzidiwa na ule wa kiwanja na nyumba tu. Wengi hulinunua kwa mkopo wa SACCOS au wa benki, na makato ya mkopo huo hayasimami gari linapolala gereji. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili: familia inaweza kulipia kwa miaka mitatu gari ililolitumia miezi minane.

Majina ya wamiliki na aina za magari yao hatutayataja. Pale tu ambapo kasoro imekwisha kuwa habari ya wazi duniani, na watengenezaji wenyewe wameikiri, tutaitaja kwa jina.

Swali ambalo halina jibu moja

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: "Gari la aina fulani ni imara?" Tunaelewa kwa nini linaulizwa, na tunakiri kwamba zipo aina zenye historia nzuri kuliko nyingine. Hata hivyo mnunuzi hanunui aina. Ananunua gari moja lenye namba moja ya chasisi na maisha yake lenyewe. Magari mawili yaliyotoka kiwandani wiki moja yanaweza kufika bandarini Dar es Salaam yakiwa hayafanani kabisa. Moja lilibadilishwa oili kwa wakati na mzee mmoja wa mjini. La pili liligongwa, likanyooshwa, likapakwa rangi, likauzwa mnadani.

Umri nao una sehemu yake. Kenya huzuia kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwetu Tanzania gari la namna hiyo huruhusiwa, ila hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa kwanza wa hapa nchini huenda akawa mmiliki wa tatu au wa nne wa gari lenye miaka 12, huku akiliita "jipya" kwa sababu limeshuka melini mwezi uliopita. Gari la miaka 12 linaweza kuwa zuri sana. Lakini mabomba yake ya mpira, sili zake na oili zake zina miaka 12 pia, au zimebadilishwa na mtu ambaye huwezi kumuuliza.

Mlima Kitonga

Mmiliki wa kwanza tunayemweleza ni mwalimu wa sekondari. Alinunua gari lake katika yadi moja jijini Dar es Salaam. Lilikuwa na injini ya lita 2.0 na giaboksi ya aina ya CVT, ingawa jambo hilo la mwisho hakuambiwa, naye hakuuliza. Kwa miezi minne lilikwenda mjini bila kasoro. Mwezi Desemba aliipakia familia na mizigo kuelekea Iringa. Katikati ya Mlima Kitonga gari lilipoteza nguvu: injini ilinguruma, lakini mwendo ulizidi kupungua, na malori yakawa yanapiga honi nyuma yake. Alisimama pembeni, akafungua boneti, hakuona moshi wala maji yanayomwagika. Baada ya nusu saa aliliwasha, likapanda kana kwamba halikuwa na neno. Alimshukuru Mungu, akaendelea na safari.

Tunasimama hapa kwa makusudi, kwa maana kilichotokea katika nusu saa ile ndicho kiini cha shauri lake lote. Giaboksi ya CVT haina gia za kupanda na kushuka kama giaboksi za kawaida. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na puli hizo hupanuka na kujibana ili kubadili uwiano wa mwendo. Mkanda haung'ati meno. Unashika kwa msuguano tu, na msuguano huo hutegemea oili maalumu. Gari likibeba mzigo mzito kwenye mlima mrefu wakati wa joto, oili hiyo huchemka kupita kiasi. Kompyuta ya gari ikiliona joto hilo hupunguza nguvu ili kuinusuru giaboksi. Ukipumzisha gari, oili inapoa, na nguvu hurudi. Kwa hiyo ule wepesi uliorudi baada ya nusu saa ulikuwa dalili ya ugonjwa. Wamiliki wengi huutafsiri kuwa ni kupona.

Mwalimu hakumwambia mtu. Mwezi Machi, gari lilipoanza kuvuta kwa shida hata mjini, alilipeleka gereji ya jirani. Fundi alibadili plagi na kusafisha njia ya hewa. Fundi wa pili alikuwa na wazo lililo karibu zaidi na ukweli: aliimwaga oili ya giaboksi. Kwa bahati mbaya aliyoiweka badala yake ni ile ya kawaida ambayo mafundi wetu huiita haidroliki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. Oili hiyo ilitengenezwa kwa giaboksi za namna nyingine. Msuguano wake si ule ambao mkanda wa CVT unauhitaji. Wiki chache baadaye gari lilianza kutetemeka kila lilipoondoka. Mwezi Juni lilikataa kusogea.

Ndipo alipokwenda yadi. Muuzaji alimuuliza maswali mawili tu: ulituarifu lini, na nani aliifungua giaboksi? Mwalimu hakuwa na jibu la kumsaidia kwa swali lolote kati ya hayo. Alipofika kwetu tuliweza kumweleza sheria, lakini hatukuweza kumtengenezea ushahidi ambao yeye mwenyewe hakuuhifadhi.

Si kwamba CVT ni mbaya. Hupunguza matumizi ya mafuta, na zipo zilizotembea miaka mingi bila kuguswa. Lakini udhaifu wake ulijulikana mapema. Kampuni ya Nissan iliwahi kurefusha dhamana ya giaboksi hizo kwa wateja wake wa Marekani, kwa magari ya modeli za mwaka 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000, yaani takriban kilomita 193,000. Dhamana ya namna hiyo hutolewa katika soko ambako gari liliuzwa likiwa jipya. Haipandi meli pamoja na gari lililotumika. Mnunuzi wa hapa anapata giaboksi, lakini hapati ahadi iliyokuja nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, uliza giaboksi ni ya aina gani, na oili yake ni ya namba gani. Namba hiyo huandikwa katika kitabu cha gari, na fundi asiyeijua asipewe kazi hiyo hata akiwa hodari kwa mengine. Majaribio ya dakika kumi kuzunguka yadi hayaonyeshi kitu. Liendeshe gari kwa muda usiopungua dakika arobaini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na ulipandishe kilima. Kwa aliye Dar es Salaam, vilima vya Pugu vinatosha kuanzia. Muuzaji anayekataa ombi hilo amekwisha kukupa jibu.

Maji, joto na thamostati iliyotupwa

Malalamiko ya injini kuchemsha ni mengi kuliko ya giaboksi, na yanahuzunisha zaidi kwa sababu aghalabu chanzo chake hakizidi bei ya chakula cha familia cha siku moja. Mfanyabiashara mmoja wa Tanga alikuwa akiongeza maji ya bomba kwenye rejeta kila Jumatatu. Hakuona tone chini ya gari, akahitimisha kwamba "gari hili linakunywa maji tu kwa asili yake." Hakuna gari lenye asili hiyo. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yakipungua bila kuvuja nje, yanapita ndani, na njia ya ndani huwa mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi iliyoanza kuachia.

Kile kimiminika cha rangi kinachowekwa kwenye rejeta, ambacho wengi hukiita kulanti, kina kazi zaidi ya kuzuia barafu. Huzuia kutu ndani ya injini na hupandisha kiwango cha joto ambapo maji huchemka. Wapo wanaosema kwamba kwetu hakuna barafu, hivyo maji yanatosha. Hoja hiyo inasahau kwamba kadiri unavyopanda juu, ndivyo maji yanavyochemka mapema. Katika mji kama Mbeya, ulio mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji matupu katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi zipatazo 94. Mfuniko wa rejeta hubana shinikizo ili kulizuia jambo hilo, na ndiyo sababu mfuniko uliochakaa, kitu kidogo kabisa, unaweza kuiua injini.

Kuna desturi moja ya gereji zetu ambayo tungependa kuona imekoma. Gari likichemsha, fundi huitoa thamostati na kuitupa, akieleza kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Thamostati ndiyo inayoamua maji yaende lini kwenye rejeta, na huiwezesha injini kufikia joto lake la kazi. Ikitolewa, injini hukaa baridi kupita kiasi, kompyuta huongeza petroli, na mwenye gari hulalamika baadaye kwamba linakula mafuta. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba chanzo halisi cha joto, iwe feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, kinaendelea kujificha.

Yule mfanyabiashara wa Tanga alikuwa ametolewa thamostati. Sindano ya joto ilikaa chini, naye akafurahi. Siku ilipopanda ghafla akiwa njiani kwenda Korogwe, alihesabu kwamba kijiji kinachofuata kiko karibu, akaendelea kuendesha. Silinda hedi za magari mengi ya siku hizi ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto kupita kiasi hupinda. Kilichokuwa kazi ya gasketi kikawa kazi ya injini nzima.

Dalili za gasketi ni rahisi kwa mtu yeyote kuzisoma. Funua mfuniko wa oili asubuhi gari likiwa baridi: ukiona utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, simama hapo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa imekwisha kupata moto, mapovu yanayopanda kwenye rejeta, mabomba ya maji yanayokuwa magumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha. Yote hayo yanasema jambo moja. Na sindano ikipanda, zima gari mahali hapo hapo, popote palipo salama kusimama. Usiufungue mfuniko wa rejeta wakati kuna moto. Tumeona majeraha ya uso yaliyotokana na haraka hiyo.

Kelele za chini ya gari, yaani bushi, boljointi na shokapu, hatutazieleza kwa kirefu. Barabara zetu huzichakaza, zinatengenezeka, na bei yake inajulikana. Tunaongeza neno moja tu kwa wenye magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne: usibadili matairi mawili ukayaacha mawili yaliyokwisha. Tofauti ya mzunguko kati ya matairi ya mbele na ya nyuma huifanyisha kazi bila kupumzika sehemu inayogawa nguvu, na sehemu hiyo ni ghali kuliko matairi yote manne.

Taa ambayo haiwaki

Mama mmoja wa Dodoma alitueleza kwamba alilipenda gari lake kwa sababu dashibodi yake ilikuwa "safi", bila taa hata moja ya onyo. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, taa za onyo zote zinapaswa kuwaka kwa angalau sekunde chache: ya injini, ya breki, ya oili, ya mfuko wa hewa. Kisha huzimika, nyingine baada tu ya injini kuwashwa. Taa isiyowaka kabisa katika sekunde hizo haioneshi usalama. Huenda balbu yake imeng'olewa, au waya wake umeunganishwa na wa taa nyingine ili kuficha kasoro. Kwenye gari la mama yule, taa ya mfuko wa hewa ndiyo iliyonyamazishwa.

Mfuko wa hewa unastahili aya zake wenyewe, kwa sababu hapa kasoro haigharimu fedha tu. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa kwa ajili ya karibu makampuni yote makubwa ya magari: Honda, Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, BMW, Ford na mengine. Kilipuzi kilichotumika kuijaza mifuko hiyo kilikuwa nitreti ya amonia, na katika mingi kiliwekwa bila kemikali ya kukausha unyevu. Joto na unyevu vya miaka mingi hukibadilisha, kikalipuka kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, na kasha la chuma likapasuka na kurusha vipande kwa dereva au abiria. Watu walikufa katika ajali ambazo zingewaacha hai. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa yarudishwe ili kubadilishiwa kifaa hicho, na Takata yenyewe iliomba hifadhi ya mufilisi mwezi Juni 2017.

Msomaji wa Tanga, Dar es Salaam, Mtwara au Zanzibar aisome tena ile sababu: joto na unyevu. Magari mengi yaliyoguswa na wito huo ni ya umri ule ule unaouzwa katika yadi zetu. Baadhi yalitengenezwa kabla hayajaondoka Japani, mengine hayakutengenezwa, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Unachohitaji ni namba ya chasisi. Watengenezaji wakubwa wa Japani wana tovuti ambazo ukiingiza namba hiyo zinaonyesha kama kuna wito ambao haujatekelezwa. Wakala rasmi wa aina hiyo ya gari hapa nchini anaweza kuulizwa vilevile. Muulize kwa maandishi, na uombe akujibu kwa maandishi. Ukiambiwa kwamba wito upo na kazi haijafanyika, usimpakize mtu, hasa mtoto, katika kiti kinachohusika mpaka ifanyike. Tunajua jinsi agizo hilo linavyokera. Hatuna namna ya kulilainisha.

Karatasi zinazosafiri na gari

Gari lililotumika Japani huacha alama za maandishi nyingi kuliko gari lililotumika karibu mahali pengine popote. Gari jipya la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Linapoondoka nchini hupewa hati ya usafirishaji, ambayo pamoja na namba ya chasisi na tarehe ya usajili wa kwanza huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Likipitia mnadani, wakaguzi wa mnada hulijazia karatasi yenye alama: 4 au 4.5 ni gari zuri, 3 linaonyesha uchakavu, na herufi R au RA huashiria kwamba liliwahi kugongwa na kutengenezwa.

Karatasi hizo zipo. Mara nyingi muuzaji anazo, kwa kuwa bila hati ya usafirishaji gari lisingepita forodhani. Kwa hiyo anayesema "zimepotea" anastahili kuulizwa zilipotelea wapi. Mtumishi mmoja wa serikali alilinganisha hati na dashibodi baada ya miezi sita: hati ilionyesha zaidi ya kilomita 140,000, dashibodi 78,000. Angeweza kulinganisha siku ya kwanza. Hati ilikuwa ndani ya bahasha ile ile aliyokabidhiwa pamoja na funguo. Mkanyagio wa breki uliolika, usukani unaong'aa kwa kushikwa na kiti cha dereva kilichobonyea navyo hushuhudia, lakini karatasi ndiyo inayozungumza vizuri mbele ya hakimu.

Haki zako, na muda wake

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, haimwachi mnunuzi peke yake. Anayeuza bidhaa kama biashara yake anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hiyo ina ubora unaostahili kuuzwa, na kwamba inafaa kwa matumizi ambayo mnunuzi alimweleza. Angalia maneno hayo matatu: kama biashara yake. Ukinunua mkononi kwa mtu binafsi anayeuza gari lake, ulinzi huo hupungua sana, na bei ya chini unayoifurahia ndiyo bei ya ulinzi uliouacha.

Lipo pia jambo ambalo wengi hawalijui. Ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kumlaumu muuzaji baadaye kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Ndiyo maana tunasisitiza ukaguzi uwe wa kweli, uende na fundi ambaye si wa yadi, na matokeo yake yaandikwe na kutiwa sahihi. Na ukikaa na gari kwa muda mrefu bila kumwarifu muuzaji kwamba lina kasoro, unahesabiwa kuwa umelikubali. Haki ya kulirudisha hupotea, ukabaki na ile ya kudai fidia, ambayo ni ngumu zaidi kuithibitisha. Mwalimu wa Kitonga alikuwa na sauti kubwa mwezi Desemba. Mwezi Juni ilikuwa imekwisha kuwa mnong'ono.

Mikataba mingi ya yadi ina maneno "gari limeuzwa kama lilivyo". Maneno hayo yasikutishe kiasi cha kukunyamazisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na hakuna mstari wa mkataba unaoyageuza maelezo ya uongo kuhusu kilomita au ajali kuwa kweli.

Kwa hiyo, siku gari linapoonyesha dalili ya kwanza, mwandikie muuzaji. Barua ni nzuri. Ujumbe wa simu unatosha, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi. Usiandike matusi wala vitisho. Andika tarehe, mahali, kilomita, gari lilivyofanya, na unachoomba. Kwa mfano: "Tarehe 19 Desemba, Mlima Kitonga, kilomita 84,310, gari lilipoteza nguvu likiwa na watu watano, likapata nguvu tena baada ya kupumzika dakika 30. Naomba mlikague kabla sijalipeleka kwa fundi mwingine." Mistari hiyo mitatu ingebadili shauri la mwalimu wetu.

Kabla ya fundi yeyote kuligusa, omba lipimwe kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari na upewe nakala au picha ya namba za makosa. Usikubali betri ifunguliwe kwanza. Kwenye magari mengi kufanya hivyo hufuta kumbukumbu. Spea iliyotolewa ni mali yako, ichukue hata kama imechafuka. Gereji yenye mashine ya EFD ikupe risiti. Fundi wa mtaani asiye nayo aandike katika daftari lako kazi aliyoifanya, oili aliyoiweka na namba yake, kisha atie sahihi na namba yake ya simu. Mafundi wazuri hawaoni haya kufanya hivyo.

Ukija kwetu, au ukienda mahakamani, njoo na daftari hilo, mkataba wa mauziano, hati ya usafirishaji, kadi ya gari, picha za dashibodi za siku ya kununua na za siku ya kasoro, na nakala za ujumbe uliomtumia muuzaji, hata kama hakujibu. Ujumbe ambao haukujibiwa tunausoma pia.